Daktari amesema ugonjwa "umetulia". Je, nimepona?

Swali: "Sista, nina miaka 58, fundi wa magari hapa Buruburu. Mwaka jana niligunduliwa kuwa na saratani ya mapafu, hatua ya nne, imeshafika kwenye ini na mfupa wa nyonga. Biopsi ilisema PD-L1 asilimia 70, nikaanzishiwa pembrolizumabu kila baada ya wiki tatu. Nimemaliza dripu ya tisa. Skani ya mwisho inaonyesha uvimbe umepungua zaidi ya nusu, na daktari anasema ugonjwa umetulia. Nywele zangu ziko, nimeongeza kilo nne. Majirani waliochanga kwenye harambee wananitazama kama mwizi. Nimepona au sijapona? Niuze ploti yangu ya Joska nilipie dripu zilizobaki? Na binti yangu anataka tufanye ntheo, ile sherehe ya ndoa ya Kikamba, Desemba, tungoje? Niongeze tu kwamba tumbo limenisumbua siku nne sasa, naenda choo mara sita au saba, lakini mtu wa kemisti amenipa Flagyl." Baba Mueni.

Baba Mueni, barua yako niliisoma mara mbili, na mara zote mbili macho yalikwama kwenye sentensi ya mwisho. Ndiyo maana nilikupigia simu jioni ile ile, sikungoja zamu yako ya kujibiwa hapa. Nashukuru ulikwenda hospitali usiku huo. Sasa tumbo limeshikwa na uko kwenye prednisoloni, steroidi ya kutuliza kinga, basi tunaweza kuongea taratibu. Lakini nitaanzia papo hapo kwenye tumbo, maana najua wapo wengine wanaosoma haya huku Flagyl, ile dawa ya amiba, iko mfukoni.

Wewe ni fundi, acha nikueleze kwa lugha ya gereji. Mwilini mna seli za kinga ziitwazo seli T. Kazi yake ni kusaka kilichoharibika na kukimaliza. Kila moja ina breki, isije ikaushambulia mwili wenyewe, na breki mojawapo inaitwa PD-1. Saratani yako ilijua kukanyaga pedali hiyo kwa protini yake iitwayo PD-L1; ile asilimia 70 maana yake seli kama 70 katika kila 100 za uvimbe zilionekana zikiwa na protini hiyo. Dawa unayopewa inakaa juu ya pedali, saratani isipate pa kukanyaga. Kwa hiyo haiui saratani yenyewe kama inavyofanya kemo. Inaachilia kinga yako iende kazini. Walioifumbua siri ya breki hizi, James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani, walipewa tuzo ya Nobeli mwaka 2018.

Hapo ndipo nywele zako zilipopata kupona. Kemo huvamia seli zinazogawanyika upesi, na za nywele zimo. Hii yako haina shughuli na nywele. Lakini gari likiachiliwa breki halichagui la kugonga. Seli hizo hizo zinazokula uvimbe zinaweza kugeukia utumbo, mapafu, ini, ngozi, viungo, tezi, na mara chache hata moyo. Linaweza kutokea baada ya dripu ya kwanza, au ya tisa, au miezi kadhaa baada ya kumaliza matibabu yote. Mtu aliyezoea kwenda choo mara moja kwa siku akianza kwenda mara sita, mimi sisemi amiba mpaka maabara iseme amiba. Nasema utumbo unachomwa na kinga yake mwenyewe, na Flagyl haina la kufanya hapo. Ukiachwa hivyo unaweza kutoboka. Kinachotakiwa ni choo kipimwe kuondoa shaka ya maambukizi, dripu isimamishwe, na steroidi zianze mapema.

Wagonjwa wangu nimewapa kipimo chepesi: ukizidisha safari nne za choo juu ya kawaida yako, au ukiona damu, au tumbo likikaza kwa maumivu, unapiga simu siku hiyo hiyo. Jumatatu ni mbali.

Nikupe kisa kimoja, maana sijakisahau. Mama mmoja, muuza nguo za mtumba, alikuwa amepata dripu tano za dawa ya jamii hii. Akaanza kuumwa kichwa, mwili umelegea, kichefuchefu, akisimama anaona giza. Kliniki ya mtaani ikasema malaria, ikampa dawa. Wiki iliyofuata ikasema taifodi, ikampa nyingine. Alipoletwa kwetu alikuwa amelala kwenye kiti cha nyuma cha teksi, midomo imekauka, presha iko chini mno. Hakuwa na malaria wala taifodi. Kinga yake ilikuwa imeishambulia tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, ile inayoziamrisha tezi nyingine, na mwili ukaacha kutengeneza kotisoli, homoni ambayo bila yake mtu hasimami. Alitundikiwa haidrokotisoni usiku. Nilipoingia zamu ya asubuhi nilimkuta ameketi, anauliza kama chai ya hospitali ina tangawizi. Mpaka leo anameza vidonge vya homoni hiyo kila siku na anauza nguo zake. Kilichokaribia kumuua ni wiki mbili ambazo hakuna aliyemuuliza, "Mama, unatumia dawa gani nyingine?"

Yeye mwenyewe hakusema kwa sababu alidhani dripu ya saratani na homa ni mambo mawili tofauti.

Basi nakuomba ufanye hivi leo. Chukua kikadi, andika kwa Kiswahili upande mmoja na kwa Kiingereza upande wa pili: natumia dawa ya kinga ya mwili iitwayo pembrolizumabu, dripu ya mwisho nilipata tarehe fulani, tafadhali msinipe dawa kabla ya kumpigia daktari wangu wa saratani, nambari hii hapa. Kiweke pochini nyuma ya kitambulisho. Mama Mueni awe na picha yake kwenye simu. Na ukienda ushago ukapata homa, wakupime malaria, ndiyo, lakini kadi itoke mfukoni kabla ya mkono wa kudungwa.

Kikohozi nacho nisikipite, maana mapafu yako ndiyo yenye ugonjwa. Kikohozi kipya au kuhema unapopanda ngazi kunaweza kuwa saratani, kunaweza kuwa mapafu yanayochomwa na kinga, kunaweza kuwa kifua kikuu, ambacho hapa kwetu ni cha kawaida na ambacho steroidi zinaweza kukiamsha kikiwa kimelala. Matatu haya yanatibiwa tofauti kabisa, na dawa ya moja yaweza kuharibu lingine. Hakuna mtu wa kemisti anayeweza kuyatofautisha kwa kukutazama, hata awe mwema vipi.

Kuhusu prednisoloni uliyopewa: meza asubuhi baada ya kula, na usiiache ghafla hata tumbo likiwa limekauka kabisa. Inashushwa kidogo kidogo, kwa kawaida wiki nne hadi sita au zaidi. Wengi hujiona wamepona siku ya tano, wanaacha, na siku ya kumi tunawapokea tena wakiwa wabaya kuliko mwanzo. Sukari yako ipimwe pia, kwa sababu dawa hii huipandisha.

Sasa swali lako lenyewe. Umepona?

Hapana, na pia hufi kesho. Najua mtu anataka neno moja, ndiyo au la, na neno "umetulia" linamwacha mlangoni. Daktari wako aliposema umetulia alimaanisha kwamba uvimbe umepungua na haujatokea mwingine mpya. Chembe bado zipo, kwenye ini na pengine kwenye nyonga. Zimeshikwa. Zinaweza kushikwa kwa miezi, na kwa baadhi ya watu kwa miaka mingi. Hilo la miaka mingi ni jipya katika kazi yetu. Nilipoanza uuguzi wa saratani, saratani ya mapafu ya hatua ya nne tuliihesabu kwa miezi tu.

Kama hutaki namba, ruka aya hii, na sitakulaumu. Utafiti ulioitwa KEYNOTE-024 uliwachukua watu wanaofanana na wewe: saratani ya mapafu iliyosambaa, PD-L1 asilimia 50 kwenda juu. Baada ya miaka 5, walioanzishiwa pembrolizumabu walikuwa hai karibu 32 katika kila 100. Walioanza na kemo, karibu 16, na wengi wa hao walikuja kupewa dawa za aina hii baadaye. Maana yake nafasi imeongezeka maradufu, na maana yake pia ni kwamba wengi hawakufika miaka 5. Zote mbili ni kweli kwa wakati mmoja. Watu watakutajia Jimmy Carter, rais wa zamani wa Marekani, aliyetangaza Agosti 2015 kwamba saratani imefika kwenye ini na ubongo, akapewa dawa hii hii pamoja na mionzi, na Desemba mwaka huo akasema haionekani tena. Aliishi hadi 2024, akafa akiwa na miaka 100. Ni kweli, lakini yake ilikuwa melanoma, saratani ya ngozi. Furahia habari yake, usiifanye kalenda yako.

Ninachokiona kwa wanaokaa vizuri na hali hii ni kwamba wanapanga kwa vipande. Kutoka skani hadi skani, karibu miezi mitatu, ndani yake wanaishi maisha kamili: wanafungua gereji, wanagombana na wake zao, wanalipa karo. Wiki ya skani yenyewe ni mbaya kwa kila mtu, usingizi hauji, kila maumivu ya mgongo yanakuwa saratani. Wiki hiyo usiweke mkutano wa ukoo wala deni la kulipwa.

Gereji rudi, nusu siku. Ila usiinue giaboksi, wala usiingie chini ya gari kwa kujisukuma na ile nyonga. Mfupa wenye saratani unaweza kuvunjika bila mtu kuanguka. Kijana ainue, wewe uelekeze. Na uchovu ukizidi, usiseme ni uzee. Omba wapime tezi ya shingoni, thairoidi, kwa sababu dawa hii huweza kuizima, na kidonge kimoja kila asubuhi kinarudisha nguvu.

Tuje kwenye ploti. Usiiuze sasa. Nasema hivi kwa sababu moja iliyo wazi: hujui kama utapata dripu nyingine. Baada ya tumbo kuchomwa hivi, daktari atangoja litulie kabisa, ushushe steroidi, ndipo aamue kurudisha dawa au kuiacha. Na akiiacha usidhani umehukumiwa. Dawa hii hukaa mwilini kwa wiki nyingi, na kazi iliyoianzisha inaweza kuendelea. Wapo walioacha kwa sababu ya madhara na uvimbe ukabaki umeshikwa kwa muda mrefu. Basi uuze ardhi ya Joska kulipia nini? Hata mkiendelea, haina maana ya dripu za milele. Katika utafiti niliokutajia walikomea dripu 35, karibu miaka 2. Wewe una tisa. Kuna mwisho wa kuhesabia.

Dripu moja hapa Nairobi inakula laki kadhaa, hilo unalijua kuliko mimi. SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kifurushi cha saratani kilianza na shilingi 400,000 kwa familia kwa mwaka, na 150,000 zaidi kutoka mfuko wa magonjwa sugu. Viwango hurekebishwa, kwa hiyo uliza dirishani ni kiasi gani mwaka huu na umeshatumia ngapi, upewe kwa maandishi. Halafu kuna maswali mawili ya kumpelekea daktari, bila kuona haya. La kwanza: je, naweza kupewa miligramu 400 kila wiki sita badala ya 200 kila wiki tatu? Dawa ni ile ile, lakini vipimo, kitanda na nauli vinapungua nusu. La pili: je, inawezekana kupimiwa kwa uzito, miligramu 2 kwa kila kilo, kama wanavyofanya sehemu nyingi za Kanada? Mtu wa kilo 60 hapo anahitaji 120, si 200. Chupa ni ya miligramu 100, kwa hiyo inafaa zaidi pale wagonjwa wawili wanapopangwa siku moja. Uamuzi ni wake, lakini swali ni halali, na nimeona likiokoa familia.

Ploti iandikie wosia. Wosia wa kuandikwa unatiwa sahihi mbele ya mashahidi wawili, na chagua wasio warithi. Nimewaona wajane wakifukuzwa kwenye nyumba walizosaidia kujenga, mume alikuwa na miaka miwili ya kuandika karatasi moja akaogopa kwamba ataita kifo. Karatasi haiiti kitu.

Majirani. Hili liliniuma nilipolisoma, kwa sababu si wewe wa kwanza. Mtu akichanga kwa ajili ya saratani huwa ana picha kichwani: kipara, mifupa, kitanda. Akikuona stendi ya matatu umenenepa, anahisi ametapeliwa, na hakuna aliyemweleza kwamba dawa hii haifanyi kazi kwa sura hiyo. Mwombe mweka hazina wa harambee aandike ukurasa mmoja: tulipata kiasi hiki, kila dripu ilikuwa kiasi hiki, zimelipiwa ngapi, zimebaki hizi. Atume kwenye kikundi cha WhatsApp pamoja na picha za risiti. Chini yake wewe andika mistari miwili tu: "Ugonjwa haujaisha, umeshikwa. Nguvu mnayoiona ndiyo pesa yenu." Watakaoendelea kunong'ona baada ya hapo, waache.

Watakuletea pia vitu. Unga wa mwarubaini, shubiri, vidonge vya "kuongeza kinga" vinavyouzwa mjini kwa maelfu. Kinga yako imeshaachiliwa breki, haihitaji wa kuisukuma. Na mitishamba mingine huumiza ini. Likichafuka tutashindwa kujua kama ni dawa yetu, ni saratani au ni unga. Chakula kula cha kwenu. Muthokoi utarudi tumbo likipoa kabisa. Kwa sasa wali, viazi, uji, supu. Chanjo ya mafua ni sawa. Ya homa ya manjano na nyingine zenye vijidudu hai usikubali kabla ya kumuuliza daktari.

Jambo hukuliuliza lakini nalisema. Mtu akikutajia hospisi, usikasirike. Nairobi Hospice, iliyo karibu na Hospitali Kuu ya Kenyatta, inahudumia watu tangu 1990, na wengi wao huenda na kurudi nyumbani kwa miguu yao: kutulizwa maumivu, kuzungumza, familia kufundishwa. Mwaka 2010 madaktari wa Boston walichapisha utafiti wa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa. Nusu walianzishiwa huduma ya kutuliza mapema pamoja na matibabu ya kawaida. Hao walikuwa na moyo mzuri zaidi, na wakaishi muda mrefu zaidi, miezi 11.6 kwa 8.9 ya wenzao. Hiyo ilikuwa kabla ya dawa hizi za kinga. Nyonga yako ikianza kukunyima usingizi, usivumilie kiume. Nenda.

Na sasa Mueni. Ntheo isingoje wewe upone, kwa sababu neno hilo pengine daktari hatalitamka kamwe, na binti atazeeka akilisubiri. Desemba ni sawa. Muulize daktari tarehe ya skani ijayo, mchague Jumamosi iliyo mbali nayo, na wakwe wajulishwe mapema kwamba mzee anaketi, hasimami kupokea kila mtu. Mbuzi wachinjwe kama desturi inavyotaka. Wewe siku hiyo kunywa chai na dawa yako ya asubuhi kabla wageni hawajafika, kaa kivulini, nyama onja kidogo, supu ya mafuta iache, na kadi iwe pochini.